Raman, FTIR au kamera ya haipaspektra? Kwanza sema hicho kitu kimekaa wapi

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaoanza hii kazi ya kutambua vitu visivyojulikana ni lile lile, "mkuu, mashine ipi ni kali?" na kila mara najikuta nauliza mimi, kwani hicho kitu kiko wapi? Kiko ndani ya chupa iliyofungwa? Kimemwagika sakafuni? Kimesambaa kama vumbi eneo zima? Au kiko hewani hata hukioni? Maana hapo ndo kazi yote ilipo. Mashine inayokupa jina la kemikali ndani ya nusu dakika ukiwa na chupa mkononi inaweza isikusaidie kitu ukisimama mbele ya uwanja mzima wa vumbi, na kamera inayochora ramani ya uwanja huo haikwambii kilichomo ndani ya chupa hata uitazamishe siku nzima.

Kwa hiyo nitaziweka pembeni kwa pembeni kadiri ya kazi zinavyokuja mezani. Zinazoshindana ni Raman, infraredi ya FTIR, na kamera za haipaspektra (zile za picha ambayo kila pikseli ina spektra yake, yaani mchoro wa mwanga kiasi gani umerudi kwa kila rangi). Mwishoni mwishoni nitagusa za gesi maana zile zina mambo yao.

Msingi wake kwa ufupi, ili twende pamoja. Zote zinatumia mwanga kuiuliza molekyuli wewe ni nani. Infraredi unapiga mwanga wa joto, ule aliougundua William Herschel mwaka 1800, unaangalia ni mawimbi gani yamemezwa. Raman unapiga leza ya rangi moja na kuangalia mwanga uliorudi umebadilika rangi kiasi gani, jambo alilolionyesha C. V. Raman huko India mwaka 1928 na kumpa Nobel mwaka 1930. Tofauti inayouma ni kwamba mwanga wa Raman ni haba mno, fotoni kama moja tu kati ya milioni kumi ndo inarudi imebadilika, zilizobaki zinarudi vile vile zilivyokwenda. Uhaba huo kumbuka, ndo mama wa matatizo yote ya Raman. Kamera ya haipaspektra nayo kwa kawaida inatumia mwanga wa jua au taa, inaangalia kilichorudi kutoka juu ya kitu kwa mamia ya rangi nyembamba badala ya zile tatu za kamera ya simu.

RAMAN NA FTIR: hapa ndo watu wanapogombana

Anza na chombo. Kama kitu kiko kwenye chupa ya kioo cheupe au mfuko wa plastiki unaoona ndani, Raman inashinda bila mjadala. Leza inapita kioo, inagusa kilichomo, inarudi, na wewe hujafungua kitu. Kwa mtu anayeshika vitu vya hatari hii "hujafungua" ina thamani kuliko namba zote za kwenye kipeperushi. FTIR haiwezi, kioo kinameza infraredi ya kati, kwa hiyo lazima ufungue, uchote kidogo, uweke juu ya kijiwe cha ATR, pale mwanga unapoigusa sampuli (mara nyingi almasi), halafu ukibane. Umeshagusa, umeshaifungulia hewa, na ukimaliza una kijiko na mashine vya kusafisha.

Lakini subiri kwanza usiende kununua Raman. Chupa za rangi, hasa kahawia na kijani, zinaweza kung'aa zenyewe zikipigwa leza ukaishia kusoma spektra ya chupa. Na hii habari ya kung'aa, yaani fluoresensi, ndo adui mkubwa wa Raman kwa ujumla. Vitu vingi vya mtaani havijasafishwa, vina rangi, vina uchafu, vina mabaki ya mimea, ukipiga leza vinawaka kama taa na ile sauti ndogo ya Raman inamezwa, unaona mlima mmoja laini usio na vilele. FTIR hapo haina shida hata kidogo, unga wa kahawia mchafu inausoma kama kawaida. Mimi nikiona unga wenye rangi na upo wazi tayari, mkono unakwenda kwenye FTIR wenyewe.

Wauzaji watakuambia dawa ya fluoresensi ni leza ya nanomita 1064 badala ya 785. Ni kweli kabisa inasaidia, ila ina gharama ambayo hawaisemi kwa sauti. Nguvu ya Raman inapungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, kwa hiyo ukitoka 785 kwenda 1064 ishara inashuka karibu mara 3.4, afu kigunduzi cha silikoni hakioni huko inabidi kiwekwe cha InGaAs (indiamu, galiamu na aseniki) ambacho kina makelele zaidi. Matokeo yake unasubiri muda mrefu zaidi na unaacha leza juu ya sampuli muda mrefu zaidi. Ukisikia ya 532 ujue ni kinyume chake, ishara kubwa karibu mara 4.7 ya 785 lakini kila kitu kinang'aa. Kwa kazi ya mchanganyiko 785 bado ni ya kati nzuri, kwa vitu vichafu na chupa za kahawia 1064, na kama bajeti ni ya mashine moja jiulize wewe unakutana na vitu gani mara nyingi, usiangalie jirani kanunua nini.

Maji. Kama sampuli ina maji mengi FTIR inateseka, maji yanameza vibaya sana karibu na 3,300 na 1,640 kwa sentimita (hizi namba ni anwani ya kilele kwenye spektra, na zijazo za aina hii ni hivyo hivyo) na kufunika vingine. Raman maji inayaona kwa mbali tu, kwa hiyo kitu kilichoyeyuka kwenye maji Raman inakisoma vizuri zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu lingetakiwa liandikwe kwa wino mwekundu juu ya kila boksi. Mashine zote mbili zinaweza kukuumiza, ila kwa njia tofauti. Raman ina leza ya mamia ya miliwati imekusanywa kwenye nukta ndogo, ukiipiga kwenye unga mweusi au wa rangi nzito joto linapanda pale pale, na kama huo unga ni baruti nyeusi au kilipuzi chochote cha rangi nzito unaweza kuuwasha. Ndo maana mashine nzuri zina saa ya kuchelewesha, unaiweka, unabonyeza, unaondoka, inapiga ukiwa mbali. Tena leza yenyewe ni hatari kwa macho, ya 785 unaiona kama wekundu hafifu tu na ya 1064 huioni kabisa, kwa hiyo jicho halipati muda wa kufumba. FTIR kwa upande wake haichomi, lakini ile ATR inabana! Unachukua unga usioujua unauweka juu ya almasi unaukandamiza kwa chuma. Kama ni kilipuzi kisichopenda msuguano, kama vile TATP au azaidi ya risasi, wewe mwenyewe umekipiga nyundo. Watu waliofundishwa vizuri wanaanza na chembe ndogo sana, kama ncha ya kiberiti au pungufu, na hawabani mpaka wajiridhishe. Kwa hiyo mtu akikwambia "FTIR ni salama kwa vilipuzi maana haina leza" muulize kuhusu kibanio uone kama atajibu.

Jambo lingine, zinaona vitu tofauti ndani ya molekyuli ile ile. Infraredi inapenda vifungo vyenye upande chanya na upande hasi, O-H, C=O, C-O na jamaa zao. Raman inapenda vifungo vilivyo sawa pande zote, C=C, S-S, pete za benzini. Mfano rahisi ni hewa unayovuta, naitrojeni na oksijeni infraredi haizioni kabisa lakini Raman inaziona (2,331 na 1,556). Ndo sababu wenye uwezo wanabeba zote mbili na wakipata jibu moja kutoka mashine mbili za kanuni tofauti wanalala usingizi.

VITU AMBAVYO ZOTE MBILI ZITAKUANGUSHA

Hii sehemu hutaikuta kwenye vipeperushi kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ya kwanza ni chumvi za kawaida na metali. Chumvi ya mezani haina kifungo cha kutikisika cha maana, Raman na FTIR zote zinatoa spektra tupu. Tupu haimaanishi salama. Sianidi tofauti yake ni kwamba ina kile kifungo cha kaboni na naitrojeni kinachotokea karibu na 2,080, mahali ambapo vitu vichache sana vinatokea, kwa hiyo inashikika vizuri. Lakini chukua sodiamu haidroksaidi, ile ya kuzibua mabomba. Kilele chake kikubwa cha Raman kiko juu ya 3,600 na mashine nyingi za mkononi zinaishia karibu na 2,900, kwa hiyo unayo kemikali inayokula ngozi mkononi na mashine inasema hakuna kitu. Asidi ya haidrokloriki ndani ya maji nayo ni hivyo hivyo, Raman inaona karibu maji tupu. Kipande cha karatasi ya pH, ile inayobadilika rangi ikigusa asidi au besi, kitu cha bei ya chini kuliko vyote kwenye begi, kinakupa jibu hapo hapo. Mimi mtu akija na Raman bila karatasi ya pH simwelewi. Metali nzito kama risasi, zebaki, aseniki, ukitaka kujua zipo tumia XRF, mashine ya eksirei, maana ile inaangalia elementi yenyewe na haijali vifungo.

Ya pili ni kiasi kidogo ndani ya kitu kingi, na hii ndo imeua watu. Kwa mchanganyiko wa unga, mashine hizi za mkononi zinaanza kupoteza kitu kikifika chini ya asilimia 5 hivi, wakati mwingine hata kabla. Sasa fentanili, dawa ya kulevya kali mno, inachanganywa kidogo sana kwenye unga mwingine, maana kidogo tu inatosha kuua, kwa hiyo mashine inaweza kukusomea kijazio kwa uhakika mkubwa kabisa na kukinyamazia kinachoua. Hapo ndo vijiti vya kupima fentanili vinaipiga bao mashine ya maana, vinanusa kiasi kidogo mno japo havikwambii kiasi gani.

Chukua pia dietilini glaikoli, ile sumu iliyoua watu zaidi ya 100 Marekani mwaka 1937 baada ya kutumika kuyeyushia dawa ya salfanilamaidi. Kanuni za dawa za Marekani kwenye gliserini zinaruhusu isizidi asilimia 0.10. Mtu mwenye ghala la dawa akitumia Raman kuhakikisha pipa lililoandikwa gliserini ni gliserini kweli, yuko sawa kabisa, na kama mtu kaweka pipa zima la dietilini glaikoli atamkamata. Akitaka kuthibitisha iko chini ya 0.10 kwa Raman hiyo hiyo ya mkononi, anajidanganya, hiyo ni kazi ya kromatografia ya gesi. Pipa ni lile lile, mashine ni ile ile, swali limebadilika kidogo na jibu limeacha kuaminika.

Ya tatu ni vijidudu. Unga mweupe ndani ya bahasha, tangu barua za kimeta za Marekani mwaka 2001 kila mtu anauogopa. FTIR inaweza kukuonyesha vilele viwili vya protini, karibu na 1,650 na 1,540, na ukaishia kusema "hapa kuna kitu cha kibaiolojia". Basi. Haikwambii ni kimeta au ni unga wa maziwa. Inachokusaidia ni kinyume, kwamba ukiona ni kalsiamu kaboneti tupu unapunguza presha, ingawa sampuli ya maabara inakwenda vile vile.

SASA PICHA: kujua NINI na kujua WAPI

Mpaka hapa tumeongelea nukta moja. Unapiga hapa unajua hapa. Lakini kuna kazi ambapo jina la kitu unalijua tayari au unalikisia, swali ni kimesambaa mpaka wapi, kimejificha sehemu gani ya kidonge, kimebaki kwenye nguo upande gani. Hapo ndo picha za spektra zinapoingia na hapo ndo watu wanapochanganya mafaili, maana "picha ya spektra" ni jina moja la vitu vitatu ambavyo havifanani.

Picha ya Raman kwenye hadubini inachorwa nukta baada ya nukta. Piga hesabu, eneo la nukta 100 kwa 100, kila nukta sekunde moja, ni sekunde 10,000, yaani saa mbili na dakika arobaini na saba kwa kipande kisichozidi ukucha. Faida yake ni kwamba unaona mpaka karibu maikroni 1, hakuna mwingine hapa anayefika huko. FTIR ya picha inatumia kigunduzi chenye pikseli nyingi kwa mpigo, cha 128 kwa 128 kinakupa spektra 16,384 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo inakimbia sana, ila mawimbi yake ni marefu hivyo chini ya maikroni 10 hivi picha inakuwa ukungu. Wanaotafuta plastiki ndogondogo kwenye maji wanalijua hili vizuri, chembe za juu ya maikroni 20 wanapiga FTIR, zile ndogo zaidi wanahamia Raman na kuvumilia. Kidonge bandia ukitaka kuona dawa imekaaje ndani ya kijazio, FTIR ya picha kwanza, afu Raman kwenye kona inayokutia shaka.

Kamera ya haipaspektra iko dunia nyingine. Haikai kwenye hadubini (ingawa inaweza), inakaa juu ya mkanda wa kiwanda, kwenye droni, kwenye ndege, kwenye setilaiti. Mfano wa kihistoria ninaoupenda ni AVIRIS ya NASA, kifaa cha kwenye ndege kilichoanza kutoa data za kisayansi mwaka 1987 chenye chaneli 224 kati ya nanomita 400 na 2,500. Tarehe 16 Septemba 2001, siku tano baada ya majengo ya World Trade Center kuanguka, kilirushwa juu ya New York na wataalamu wa USGS, shirika la jiolojia la Marekani, wakaitumia data yake kutafuta vumbi la asbesto na sehemu ambazo moto ulikuwa bado unawaka chini ya kifusi. Fikiria ungefanya hivyo na mashine ya mkononi, nukta moja moja, juu ya kifusi cha moto. Lakini angalia pia walichofanya, walituma watu chini kuokota sampuli za vumbi na kuzipima maabara. Picha iliwaonyesha pa kwenda, sampuli ikawaambia walichokipata. Mtu akikuuzia kamera na kukwambia hutahitaji sampuli, muulize kwa nini USGS walihitaji.

Sababu yenyewe ni ya kifizikia. Kamera nyingi hizi zinafanya kazi kati ya nanomita 400 na 2,500, na huko huoni mitikisiko ya msingi ya molekyuli, unaona miangwi yake tu, minene, dhaifu, imepandana. Ni kama kumtambua mtu kwa mwendo wake ukiwa mbali, ndugu yako utamjua, mgeni hutamjua. Ndo maana kamera ni hodari sana kutofautisha vitu unavyovijua (plastiki hii na ile, madini haya na yale, unga uliomwagika na sakafu) na ni dhaifu kutaja jina la kitu kigeni kabisa. Ukiipa kitu kipya bila kuifundisha, itakupa kundi la karibu na kukaa kimya kana kwamba mambo ni sawa.

Ukichagua kamera angalia kigunduzi kabla ya kitu kingine chochote. Ya silikoni inaishia karibu nanomita 1,000, ni nafuu na picha zake ni nzuri, lakini kemikali nyingi za kikaboni huko hazina cha kukuonyesha zaidi ya rangi. Ya InGaAs inakwenda mpaka 1,700, hapo unaanza kuona C-H na maji (karibu 1,450). Ukitaka karbonati, udongo na madini yenye maji inabidi ufike 2,500. Nimeona watu wananunua ya silikoni kwa ajili ya kutambua unga mweupe juu ya meza nyeupe, wakakaa wiki wanabadilisha programu, wanabadilisha taa, wanalaumu kompyuta. Mwanga wenyewe haukuwa na habari, hakuna programu ya kuutoa. Plastiki nyeusi yenye kaboni nayo kamera hizi haziioni, inameza kila kitu, na kitu kilicholowa kinabadilika sura mpaka spektra ya jana haifanani na ya leo.

Na jiandae kwa data. Picha moja ya pikseli 640 kwa 640 yenye chaneli 200 na baiti 2 kila moja ni karibu megabaiti 164. Picha moja! Mashine ya Raman ya mkononi inakupa faili dogo kuliko selfie. Kama huna mtu wa kukaa na hizo data, kamera itakaa kabatini, nakwambia kwa upendo.

GESI, kwa haraka

Ukisikia harufu, au huisikii lakini kengele imelia, Raman ya mkononi weka pembeni, hewani molekyuli ni chache mno kwake. Chaguo lako ni kamera ya infraredi yenye kichujio kimoja au ya spektra kamili. Ya kichujio, kama zile za methani za maikroni 3.2 hadi 3.4, inakuonyesha wingu likitoka kwenye bomba kama moshi, nzuri sana kutafuta tundu, lakini gesi nyingine zenye C-H zinaonekana vile vile kwa hiyo haikutajii jina. Ya spektra kamili kwenye maikroni 8 hadi 12 inaweza kutaja amonia ni amonia, na pia ndo eneo ambalo sumu za neva zenye fosforasi na oksijeni zinaonekana kwa nguvu, tena kutoka mbali bila kulisogelea wingu. Zote zina sharti moja wasilolisema mapema, gesi lazima iwe na joto tofauti na kilicho nyuma yake. Joto likilingana, wingu linapotea machoni pa kamera, na wewe unaweza kutembea mpaka katikati yake ukiamini hakuna kitu.

Kutoka angani inawezekana pia. EMIT, kifaa cha haipaspektra cha NASA, ilipandishwa kituo cha anga cha kimataifa Julai 2022 kwa ajili ya kuchora ramani za madini ya vumbi la jangwani, na ndani ya miezi michache ikaonyesha zaidi ya sehemu 50 zinazotoa methani nyingi, kazi ambayo haikuwa ndo iliyoipeleka juu. Ila pikseli yake ni kama mita 60 chini, kwa hiyo kwa tundu dogo la ghala lako hiyo sahau.

ILE NAMBA YA ASILIMIA KWENYE KIOO CHA MASHINE

Kabla hujachagua chochote elewa hii namba maana mashine zote zinayo. Inaandika jina na pembeni 0.97 au 97, mtu anasoma kama "uhakika asilimia 97". Sio hivyo. Ni kipimo cha jinsi spektra yako inavyofanana na moja iliyomo kwenye maktaba ya mashine, basi. Kama kitu chako hakimo kwenye maktaba, mashine itakupa kinachokaribia. Kama ni mchanganyiko itakupa kilicho kingi.

Mimi yalinikuta kwenye mafunzo, tulipewa unga kwenye kichupa, nikapiga Raman, ikaja laktosi kwa namba ya juu kabisa, nikaandika laktosi nikafunga daftari kwa mbwembwe. Jamaa niliyekaa naye hakushangilia, alichofanya ni kuiweka spektra yangu juu ya ile ya maktaba na kuangalia kilichobaki baada ya kuondoa laktosi. Kulikuwa na vilele viwili vidogo ambavyo laktosi haina. Kitu cha pili kilikuwemo kidogo, na ndo kilichokuwa swali lenyewe la mtihani. Tangu hapo mashine isiyoniruhusu kuona spektra ghafi na mabaki yake siitaki hata ya bure, na nakushauri uliweke hilo juu kuliko uzito, betri na rangi ya kioo.

Kwa hiyo nikikaa na mtu anayechagua, mazungumzo yanakwenda hivi. Wewe ni zimamoto au mtu wa dharura, unakutana na vyombo vilivyofungwa na madimbwi ya vitu usivyovijua: Raman yenye saa ya kuchelewesha kwanza, FTIR ikifuata bajeti ikiruhusu, karatasi ya pH leo hii. Wewe unapokea mapipa ya malighafi za dawa: Raman, na kama vifungashio vyako havionyeshi ndani ulizia ile aina ya SORS, iliyobuniwa Uingereza Rutherford Appleton Laboratory mwaka 2005, inapiga leza hapa na kusoma pembeni kidogo hivyo inapenya plastiki nyeupe isiyoona ndani, japo kopo la chuma nalo inalishindwa kama wengine wote. Wewe unashughulika na unga mchafu wa rangi uliokwisha kufunguliwa: FTIR ya almasi, usichukue kijiwe cha zinki selenaidi maana asidi kali inakila. Wewe una eneo, kifusi, mkanda wa kiwanda, shamba la taka: kamera, ya kufika angalau 1,700, pamoja na kifaa kimoja cha nukta cha kuthibitisha. Na kama jibu lako litakwenda mahakamani, mwongozo wa SWGDRUG, kikundi cha wataalamu wa upimaji wa dawa za kulevya, unaiweka Raman na infraredi kwenye kundi la juu la A pamoja na spektrometa ya masi, lakini hautaki njia moja peke yake, unataka ya pili, na maabara ndo itaiweka.

Siku ya kwenda kuonyeshwa mashine usikubali sampuli za muuzaji. Zile ni safi, nyeupe, kavu, ziko kwenye vichupa vya kioo kizuri, hata mashine mbovu inazijua. Beba za kwako zisizo na hatari: kitu cha kahawia kinachong'aa, kitu kilicholowa, mchanganyiko ambao wewe unaujua wa asilimia 10 na mwingine wa 3, na kimoja ambacho una hakika hakimo kwenye maktaba yao. Kwenye hicho cha mwisho ndo uangalie vizuri, kama mashine itasema "sijui" au itakutungia jina.